Pumzi ya Mwosha Maiti

Mtaani Bwiza, Bujumbura, mwanamke Mwislamu akikata roho, watu walimkimbilia Zubeda kabla hata ya kumtafuta mchimba kaburi. Alikuwa mwosha maiti. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake mkubwa, naye aliifanya miaka mingi bila makeke. Anaingia chumbani, anaomba mlango ufungwe, anaifunika maiti kwa shuka, anajiviringishia kitambaa mkononi, kisha anaanza upande wa kulia. Alikuwa na tabia ya kusema na maiti kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwogesha mgonjwa: "Nakugeuza sasa, mama. Maji ni ya vuguvugu, usiogope." Akitoka humo hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia alichokiona. Wapo waliojaribu kumchokonoa: ni kweli fulani alikuwa na alama za kipigo? Ni kweli binti wa fulani alikuwa na mimba? Zubeda aliwajibu kwamba alichokiona kimekwenda na maji.

Mumewe alikufa zamani. Mtoto alikuwa naye mmoja, Khadidja, aliyeolewa na Chabani, kijana wa Gatumba aliyekuwa akivusha vitunguu na sabuni mpakani kwenda Uvira, Kongo. Ndoa ilikuwa nzuri. Zubeda mwenyewe alikuwa akimsifu mkwe wake, mpaka mwaka ule ambao esansi, mafuta ya magari, iliadimika Bujumbura kama mvua ya Julai, magari yakawa yanapanga mstari tangu jana yakingojea tone, na watu wakaenda kazini kwa miguu.

Khadidja alijifungua alfajiri katika kituo kidogo cha afya, hukohuko Gatumba. Mtoto wa kike alitoka mzima. Damu ya mama ndiyo iliyokataa kusimama. Wakaambiwa apelekwe mjini, hospitali kubwa.

Zubeda alipopata habari alikwenda hospitali kwa miguu, nusu akikimbia. Alimkuta mwanawe amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amefunikwa mpaka usoni. Chabani alikuwa amesimama akiegemea ukuta, mdomo wazi, shati limemganda mwilini. Mama yake Chabani alikuwa ameketi sakafuni, amejifunika khanga mbili, na kichanga kimefungwa kifuani pake. Zubeda hakumtazama uso. Aliinama, akafungua fundo, akakitoa kichanga, akakifunga mgongoni mwake. Toka siku hiyo hakumrudisha kwa mtu.

Jioni ya siku hiyohiyo alimwosha Khadidja kwa mikono yake. Wanawake walimsihi awaachie wengine, alikataa. Alimaliza, akamfunga sanda, akatoka nje, na hakulia.

Siku ya tanga jirani mmoja akamwambia, kwa kumwonea huruma au kwa umbea, haijulikani: "Huyo mukwe wako mi nilimuona asubuhi kwenye foleni ya esansi, na kidumu mukononi, amesimama tu kama watu wengine." Maneno hayo yalimwingia Zubeda kama mwiba. Chabani alipokuja kueleza kwamba gari la wagonjwa halikuwa na esansi, kwamba aliitafuta akaikosa, kwamba ndipo walipomlaza Khadidja juu ya mkokoteni wa vitunguu, yeye akivuta na mama yake akisukuma, Zubeda alimkata kauli.

"Mukokoteni! Mwanangu alikuwa gunia? Ulisimama kwenye foleni akimwaga damu. We na mama yako mumemuua."

Akayarudia maneno hayo sokoni, msikitini upande wa wanawake, na kwa kila aliyekuja kutoa pole. Bwiza nzima ikayajua. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno vilevile.

Mtoto akaitwa Salha. Kila Ijumaa Chabani alikuja na maziwa ya unga na sabuni. Zubeda alifungua mlango kiasi cha mkono kupita, akapokea, akaufunga. Chabani alibaki barazani kidogo, akisikiliza kama atamsikia mtoto, kisha akaondoka. Mama yake alikuja mara moja, akasimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka.

Basi hapo ndipo pumzi ya Zubeda ilipoharibika.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa maiti ya bibi mmoja aliyekufa kwa uzee. Zubeda alikaa sawa, akaanza upande wa kulia, lakini maji yalipomiminika juu ya ngozi ile baridi, kifua chake kilijifunga. Hewa ilifika kooni ikakwama. Akaliangusha kopo, akatoka ameshika ukuta. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Hatimaye hata sauti ya maji nyumbani, ndoo ikijazwa uani, ilimfanya ashike kifua. Madaktari wakapiga picha, wakasema mapafu ni mazima. Kazi ya kuosha ikabaki kwa Mama Tausi, mwanamke mzee aliyekuwa akisaidiwa kuinama.

Aliyemwonea huruma kwa vitendo ni Daphrose, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Mama Khadidja," akamwambia siku moja, "ukifa na we, mutoto huyu utamwachia nani? Iko mutu kule Mutanga Sud, anafundisha watu kupumua."

"Mutu anafundishwa kupumua?"

"Kwani we unajua? Mi nakusikia kupitia ukuta. Unapumua kama mutu anayepanda mulima na gunia."

Mtu huyo aliitwa Irène. Alikuwa kine, kama wanavyoitwa mjini wale wanaonyoosha viungo vya wagonjwa, na masomo yake aliyafanyia India. Huko alikaa kwa mwalimu mzee aliyemfundisha yoga, na aliporudi alianza kuifundisha kwenye veranda ya nyumba yake, karibu na chuo kikuu. Waliokuja walikuwa wachache: mwalimu wa chuo mwenye mgongo mbovu, wanafunzi wawili, mama mmoja wa ofisini asiyepata usingizi.

Kabla ya kwenda, Zubeda alimwuliza Shakuru, imamu wa msikiti wao, kama ni halali. Shakuru alifikiri, akakuna ndevu.

"Akikuambia usujudie kitu, rudi nyumbani. Akikupa maneno usiyoyajua maana, nyamaza. Lakini kukaa chini na kuvuta hewa, hiyo hewa ni ya nani kama siyo ya Mola? Nenda, mama."

Irène naye hakumficha. "Mambo haya yametoka kwa Wahindi wa dini yao, Mama Zubeda. Hapa nyimbo zao hatuimbi. Liko neno la kujikabidhi kwa Mungu. We una wako, mi niko na wangu. Lakini nisikuambie ni mazoezi ya mwili tu, nitakuwa nimekudanganya."

Zubeda alipenda jibu hilo. Akatandika mkeka wake, Salha akimlalia mgongoni, akaketi.

Irène aliwaeleza kwamba wazee wa yoga waliigawa njia yao katika viungo vinane, kama mwili mmoja wenye viungo. Vitatu ni vya ndani, vya akili kutulia mahali pamoja mpaka inazama. Vitano ni vya nje. "Vya nje," alisema, "ni vile ambavyo hata jirani yako anaweza kuona kama unavyo au huna." Cha kwanza, yama, ni kujizuia: usidhuru, usiseme uongo, usichukue kisicho chako, tamaa ya mwili isikutawale, usikumbatie vitu kama kwamba ni vyako milele. Cha pili, niyama, ni kujitunza: usafi, kuridhika, kujikaza, kujichunguza, kujikabidhi. Halafu mkao wa mwili. Halafu pumzi. Halafu kuyafundisha macho na masikio yasikimbilie kila kitu.

"Mi nimekuja kwa hicho cha ine, cha pumzi," Zubeda akasema. "Cha kwanza nilifundishwa madrasa nikiwa mutoto."

"Basi kitakuwa rahisi kwako," Irène akajibu, bila kejeli. "Chukua neno moja tu la kwanza, ukae nalo wiki hii. Usijirekebishe. Tazama tu."

Zubeda aliona amepunjwa. Alitoka Bwiza kwa miguu kufuata pumzi, akapewa mawaidha. Hata hivyo alirudi wiki iliyofuata, kwa kuwa mle kwenye veranda, akiwa amenyoosha miguu ukutani, aliwahi kulala usingizi ambao hajaulala tangu msiba.

Aliyatazama maneno, moja baada ya jingine. La kutodhuru lilipita bila shida. Kuku tu ndio aliowahi kuchinja. Kwenye la ukweli alisimama kidogo. Akamwuliza Irène mbele ya wenzake: "Na kama ukweli wenyewe unamuumiza mutu? Mi nisiuseme?"

"Mwalimu wangu alikuwa anasema kutodhuru ndiyo mama, hayo mengine ni watoto wake," Irène akasema. "Ukweli ukitoka kwa kuumiza, chunguza kama ni ukweli."

Zubeda hakulipenda jibu hili. Njiani alibishana nalo. Ukweli ni ukweli, alijiambia; yule alikuwa kwenye foleni, watu walimwona. Lakini sauti nyingine ikamjibu, na ilikuwa sauti yake mwenyewe: ulimwuliza nani mwingine? Ulimwuliza nani Chabani alisimama pale kwa muda gani? Hakumwuliza mtu.

Wiki ya neno la tatu ilikuwa mbaya. Usichukue kisicho chako. Ilikuwa Ijumaa, Chabani akabisha hodi. Zubeda akafungua mlango kiasi cha mkono, akapokea maziwa, na alipokuwa akiufunga akaiona mikono ya Chabani. Ilikuwa imebaki vilevile, imenyooshwa, viganja juu, baada ya mzigo kuondolewa. Kama mikono ya mtu anayengoja kupewa mtoto. Zubeda alisukuma mlango kwa bega. Mgongoni Salha alikuwa akicheka peke yake.

Hakwenda tena Mutanga Sud. Mwezi mzima ukapita na zaidi. Akamwambia Daphrose kwamba njia ni ndefu, kwamba yule mama ni wa wasomi, kwamba mgongo unamwuma. Daphrose alimsikiliza akipepeta ndagala zake.

"Siyo mugongo," akasema.

"Ni nini basi?"

"Mi sijui. Lakini siyo mugongo."

Irène ndiye aliyemfuata. Alikuja Bwiza kwa baiskeli, akaketi kwenye kigoda, akanywa chai. Hakumwuliza kwa nini hakuja. Zubeda ndiye aliyeanza, kwa hasira: "Hayo maneno yako ya kwanza ni mazito kuliko kupumua."

"Ni kweli," Irène akasema. "Hata mi yananishinda. Mama yangu na dada yake hawasemezani, na mi ni mumoja wa waliochochea. Kila nikikaa kwenye mukeka nakutana na hilo. Vya ndani, vile vitatu, sijavishika vizuri mpaka leo. Nakaa huku nje, naendelea."

Zubeda alimtazama mwanamke yule mwenye shahada za India, akaona mtu aliyechoka. Akamwongezea chai. Siku iliyofuata alirudi kwenye mkeka.

Irène sasa akampa pumzi, pole pole. Akamfundisha kutoa hewa kabla ya kuivuta, kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, na kutoilazimisha kamwe. Kisha akaleta beseni na kopo. Zubeda alipaswa kumimina maji huku akitoa pumzi, nayo pumzi imalizike pamoja na maji. Mara nyingi kifua kilijifunga. Irène hakumshika wala hakumpigia kelele, alimwambia tu, "Weka kopo chini. Toa iliyo ndani. Halafu tutaona." Ilipotokea kwa mara ya kwanza kopo likaisha na pumzi ikaisha na kifua kikabaki wazi, Zubeda alilia, kilio kile ambacho hakikutoka siku ya kumwosha Khadidja. Wanafunzi wawili waliinamisha vichwa. Mwalimu wa chuo alimchukua Salha, akaenda naye kwenye maua.

Hakumwambia mtu yeyote habari ya mikono ya Chabani. Na mlango aliendelea kuufungua kiasi cha mkono.

Asubuhi moja ya kiangazi Shakuru alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Khadidja, nimeleta habari ngumu. Mama yake Chabani amefariki, presha. Mama Tausi yuko Uvira kwa msiba wa ndugu yake. Huko Gatumba wanawake waliopo hawajawahi kuosha, wanaogopa. Maziko ni baada ya adhuhuri. Sikulazimishi. Nimesema nikuambie tu."

Zubeda alikuwa akisafisha mchele. Aliendelea mpaka ungo ukaisha. Ndani yake kulikuwa na maneno mengi, na mengi yao yalikuwa mabaya. Daphrose alikuwa ameshakwenda sokoni, hapakuwa na wa kumwachia mtoto. Akamfunga Salha mgongoni, akachukua mfuko wake wa kazi ambao haukufunguliwa siku nyingi, akaukung'uta vumbi.

"Twende," akasema. "Maiti haina adui."

Walipata gari la mtu lililobakiwa na esansi kidogo. Huko Gatumba alama za mafuriko zilikuwa bado zimechora kuta, mstari wa tope usawa wa dirisha. Chabani alikuwa uani na wanaume. Alipomwona Zubeda akishuka, alisimama, kisha akageuza uso, kwa kuwa mgongoni kwa Zubeda paliinuka kichwa kidogo chenye nywele za kahawia na macho ya Khadidja. Zubeda alimpa mtoto kwa wanawake, akaingia chumbani na wawili wa kumsaidia, akafunga mlango.

Alimfunika. Akajiviringishia kitambaa. Akasimama akisubiri pumzi. Akatoa iliyokuwa ndani, yote, kisha akaiacha nyingine iingie yenyewe. Kopo la kwanza lilipomiminika kifua kilitaka kujifunga. Aliliweka chini, akangoja, akalichukua tena. Wasaidizi walidhani ni taratibu za kazi.

"Nakugeuza sasa, mama," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, kwa kuwa hakuwahi kumwita mwanamke huyu mama.

Aliosha uso. Aliosha mkono wa kulia, na alipouinua ili maji yapite chini yake, akakiona kiwiko. Palikuwa na kovu pana, jeusi, la kidonda kilichokwanguliwa na kupona vibaya bila dawa. Akauinua mkono wa kushoto. Kovu jingine, pacha wake. Kitambaa kilipopita chini ya shuka, pale ambapo mwosha haruhusiwi kutazama, mkono wake ulihisi kwenye goti la kulia ngozi iliyokunjamana, na kwenye la kushoto vilevile. Akavigeuza viganja vya maiti. Vilikuwa vigumu kwa kazi, lakini vizima, havina hata mkwaruzo.

Zubeda alikuwa ameosha watu wengi walioanguka. Mtu akianguka mbele hutanguliza viganja; ndivyo mwili ulivyoumbwa. Anayetanguliza viwiko ni yule ambaye mikono yake imekumbatia kitu kifuani na hataki kukiachia. Alikumbuka sakafu ya hospitali, khanga mbili, fundo alilolifungua bila kutazama uso. Akamwona mwanamke yule nyuma ya mkokoteni, akisukuma kwa bega na kichanga kikiwa kifuani, akikimbia juu ya lami na changarawe mpaka miguu ikamkatika, akianguka hivyo, akiinuka. Na Salha, siku ile alipomfungua nyumbani kumwogesha, hakuwa na hata alama.

"Mama, tuendelee?" mmoja wa wasaidizi akauliza.

Alikuwa amesimama na kopo mkononi. Alitoa pumzi ndefu sana. Akaendelea: upande wa kushoto, mgongo, maji ya majani ya mkunazi, na mwisho maji ya kafuri. Alichelewa kwenye viwiko. Akamkausha, akamvika sanda, akamfunga kwa mafundo yasiyokaza.

Alipotoka, wanaume walikuwa wamejipanga kuingiza jeneza. Zubeda akaomba wasubiri. Shakuru aliinua mkono, uani pakanyamaza.

"Munanijua, mi ni mwosha," akasema. "Aibu ya maiti tunaifunika, ndiyo desturi. Lakini wema tukiuona tunaruhusiwa kuusema. Mama huyu iko na makovu kwenye viwiko na kwenye magoti. Viganja vyake ni vizima. Alianguka barabarani siku ile akisukuma mwanangu, na hakujikinga kwa mikono, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mutoto. Mutoto ni huyo pale. Hana hata kovu." Akatoa hewa, akangoja irudi. "Kule Bwiza nimesema watu wa nyumba hii wamemuua Khadidja. Nayafuta mbele yenu. Na huko nitakwenda kuyafuta."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Zubeda alimchukua Salha kutoka kwa aliyembeba, akavuka ua, akamweka mikononi mwa baba yake. Mtoto, ambaye hakuwa akimjua, alimshika ndevu.

"Mama alinikataza kukuonyesha vile vidonda," Chabani akasema. Alikuwa akisema na mtoto zaidi kuliko na Zubeda. "Alisema mutu aliyefiwa hapimiwi maneno, atachoka mwenyewe. Mi nilitaka nikufuate na watu. Akakataa." Kisha akainua uso, na ndani yake hapakuwa na upole. "Leo Salha atalala hapa. Ni matanga ya bibi yake."

Mkono wa Zubeda uliinuka wenyewe, ukafika nusu ya njia. Mtoto huyu hajawahi kulala mbali na mgongo wake. Anapenda maziwa yasiyo moto sana. Anashtuka akisikia mbwa. Alitaka kuyasema yote hayo, na chini ya hayo alitaka kumnyang'anya na kukimbia. Aliushusha mkono.

"Maziwa yasiwe moto sana," akasema.

Alirudi Bwiza mgongo mtupu. Daphrose alipomwona hivyo alipiga yowe, "Mana yanje, Mungu wangu, mutoto yuko wapi?" na Zubeda akamwambia yuko kwao. Usiku hakulala, alikaa tu kwenye mkeka, mgongo wima. Hakupata utulivu wowote. Alichoweza ni kukaa pale na kutokwenda Gatumba.

Maneno aliyafuta kama alivyoahidi, sokoni na msikitini, kwa watu walewale. Wengine walimsifu. Wengine walimcheka, mmoja akamwambia angeyafuta mama wa watu akiwa hai. Hilo alilibeba.

Chabani hakumsamehe kwa siku moja. Alimrudisha Salha baada ya matanga, akamwachia siku kadhaa, akamchukua tena, na kwa muda mrefu walikuwa wakipokezana mtoto mlangoni kwa maneno machache kama watu wanaopokezana zamu. Lakini mlango ulikuwa ukifunguliwa wote. Baadaye alianza kuingia. Baadaye akanywa chai. Zubeda alirudi kwenye kazi yake ya kuosha, akawafundisha wasaidizi wale wawili wa Gatumba wasiogope. Kifua kilijifunga mara mojamoja. Aliweka kopo chini, akangoja.

Mutanga Sud aliendelea kwenda. Wakati fulani Irène alimwuliza kama angependa kujaribu kiungo cha sita, kile cha ndani, cha kuishikilia akili mahali pamoja. Zubeda akacheka kidogo, jambo lililokuwa adimu.

"Apana, mwanangu. Huku nje kazi haijaisha."

Kabla ya Ramadhani iliyofuata Chabani alikuja amevaa kanzu, bila mtoto, akaketi barazani, akashindwa kuanza. Zubeda alijua kabla hajasema. Alikuwa amepata mwanamke wa kuoa, mjane wa Buyenzi, mpole. Hakutaka kufanya hivyo bila kumwambia.

"Uoe, Chabani," akasema. "Nyumba bila mutu inaoza."

Akaenda kwenye harusi. Akapika wali, akasimamia masufuria toka asubuhi. Mchana, wageni wakiwa wameketi, Salha aliyekuwa ameanza kutembea alianguka karibu na jiko la mkaa, akajigonga, akalia. Zubeda alikuwa hatua chache, mikono imejaa vitunguu. Lakini mtoto hakumtazama yeye. Alikimbilia upande wa bibi harusi akiwa amenyoosha mikono.

"Mama," akaita. "Mama."

Daphrose alimtazama Zubeda kwa woga. Zubeda alilisikia neno lote likipita ndani yake, na hakulifuata. Alishusha pumzi.

"Mumupe maji yule mutoto," akasema. "Na nani amefunika wali? Uepueni, unaungua."